Jogoo wa Mzee Mhina

Shida Mihambo alikuwa daktari, lakini si wa sindano. Alikuwa amesoma mpaka shahada ya mwisho, na bado wakubwa wakaona hajaiva: akae kwanza mwaka mmoja chini ya Profesa Yuditha, ajifunze kutafiti unywaji wa pombe na namna mtu anavyoacha mazoea. Ndiyo maana masika ya mwaka sabini na tano yalimkuta katika kijiji cha ujamaa nje ya Handeni, akiuliza watu wanakunywa kiasi gani.

Hakuna aliyekunywa. Ukiwasikiliza, kijiji kizima kilikuwa cha maji na chai. Kumbe kila jioni kilabu cha pombe ya mahindi kinafurika! Labda waliokuwa wakinywa ni fisi.

Profesa, aliyefikia Masuguru kule Korogwe, akatuma salamu kwamba atakuja Jumamosi. Akikuta bado hakuna aliyesema kweli, Shida atarudi Dar es Salaam kukaa maktaba. Shida aliipenda mno kazi hii, na wazo la maktaba lilimnyong'onyeza.

Siku moja kabla jua halijawa kali, walipokuwa wakipalilia shamba la kijiji, Mzee Mhina, Mzigua wa pale kijijini, akamwuliza, "Mwanangu, wewe kabila gani?"

"Mimi Mtanzania, mzee." Ndivyo alivyojibu tangu afike. Msomi kutaja kabila miaka ile ilikuwa aibu.

"Watanzania sote. Nakuuliza kwenu wapi."

"Tabora. Baba ni Mnyamwezi."

Mhina akatupa jembe. "Jamani! Mtani wetu huyu, na mwezi mzima anatuamkia shikamoo!"

Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukuchukulia kitu chako, hukutukana mbele ya wakwe, nawe huruhusiwi kununa. Papo hapo Mhina akamvua Shida kofia, akaivaa. Shida naye hakulaza damu. Alikinyakua kibuyu cha mzee kilichofichwa kwenye nyasi.

"Mlevi mkubwa wewe! Humu mna nini, uji?"

Shamba zima likaangua kicheko, Mhina akicheka kuliko wote.

"Pombe, mtani. Nakunywa kila siku. Tangu mke wangu afariki, nyumba ile siwezi kuiingia na akili zangu."

Shida alimwonea huruma, lakini akijua kwamba huruma ingeharibu utani, akazidi kumkaripia. "Basi tuwekeane rehani. Ukionja hata tone kabla palizi haijaisha, yule jogoo wako mwekundu namla."

"Humpati!"

Siku zilizofuata Mhina alionekana shambani mapema, na jioni alipita mbali na kilabu akipiga mluzi.

Jumamosi Profesa Yuditha akafika. Alimkuta Mhina kwenye ofisi ya kijiji, akamwuliza kwa upole kama anakunywa.

"Mimi, mama? Sijawahi hata kuonja."

Profesa akamgeukia Shida. Shida aliiona maktaba hiyo hapo. Ndipo akaona kilichokuwa kwapani mwa mzee.

"We mzee mwongo, huyo jogoo unampeleka wapi?"

Mhina akainamisha kichwa. "Kwako. Jana usiku nilikunywa."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu ndani." Akamkabidhi jogoo, kisha akamwambia Profesa, "Usinielewe vibaya, mama. Wewe si mtani wangu, ningekwambiaje?"

Profesa alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Shida, baki hapa mpaka mavuno," alisema. "Na huyo jogoo apikwe, nina njaa."

Mhina mwenyewe alikula paja.

Asubuhi yake Shida alipofika shambani alimkuta mzee ameshamaliza mstari mzima. Pembeni, amefungwa kwenye kisiki, alisimama jogoo mwingine, mweupe.

"Huyu ndiye rehani mpya," alisema Mhina bila kuinua macho kwenye jembe. "Na huyu, mtani, hutamla."