Mteremko wa Haji Nasifu

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umezama topeni hadi gotini, kiatu kimebaki huko chini, na Haji Nasifu alikuwa anacheka mpaka akashika ukuta.

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika kazi ya wilaya. Nilikagua viwanda vidogo kabla havijaezekwa: maji ya mvua yataelekea wapi, miti ipi ibaki, ardhi iliyo wazi ifunikwe na nini. Kiwanda cha Haji kilikuwa cha chakula cha kuku, nje kidogo ya mji wa Busia, njia ya Bulumbi. Kuta zilikuwa zimesimama, mabati yamerundikwa yakingoja sahihi yangu.

Ramani aliyonipa asubuhi ile ilipendeza kama picha ya kalenda. Ilikuwa na bustani ya nyasi fupi, safu mbili za michikichi ya mapambo, na mistari ya buluu iliyoonyesha maji yote yakishuka barabarani. Lakini nilipoizunguka ile ardhi kwa miguu, niliona inainama nyuma, kuelekea bonde lenye chemchemi.

"Haji, maji hayatakwenda barabarani," nilimwambia.

"Injinia ya Kampala ndiye alichora, madam," akajibu kwa upole. "Yeye alisoma. Wewe nakataa kwa sababu gani?"

Mimi nilikuwa binti wa mkulima wa Tororo, mgeni ofisini. Yeye alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Nakiri kwamba nilitoa kalamu. Hata kifuniko nilikiondoa.

Ndipo mvua ikashuka, ile ya Busia isiyobisha hodi. Tulikimbilia pembeni mwa ukuta. Nilipotoka kutazama maji yanapita wapi, nikazama.

Haji alicheka, kisha akaja kunivuta, na katika kunivuta akaona. Udongo uliochimbwa msingini ulikuwa unateremka nyuma ya jengo, mwekundu, umechanganyika na saruji, haraka kuliko tulivyoweza kutembea. Tuliufuata, yeye amenishika mkono, mimi nikichechemea na kiatu kimoja.

Kwenye chemchemi tulimkuta Ajambo, mama aliyewapikia mafundi. Alikuwa ameinama na jerikeni tupu, akiyatazama maji yaliyogeuka rangi ya matofali.

"Haji," alisema bila hasira, "hapa ndipo nachota maji ya chai yako. Majirani wote nachota hapa. Kesho tutakunywa nini?"

Mvua ilimlowesha Haji kanzu yote naye hakusogea. Mwishowe alinigeukia.

"Sasa tufanye nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa swali hilo. Niliigeuza ramani, nikachora upande wake wa nyuma: mtaro nyuma ya jengo, bwawa dogo la kutuliza maji, majani marefu ya mabingobingo ukingoni ili mizizi yake ishike udongo, na miti iliyokuwepo iachwe ilivyo. Karatasi ilichanika kabla sijamaliza. Haji aliushika mchoro vipande viwili, kwa uangalifu, kana kwamba ni cheti.

Kesho yake mafundi waliacha mabati wakashika majembe. Paa lilingoja wiki tatu. Chemchemi ilitakata katika wiki ya pili, na katika ya tatu nikatia sahihi, mabati yakapanda.

Mwaka jana niliwapeleka huko wakaguzi wawili wapya, Annet na Jamil. Haji alitupitisha mbele ya mashine mbio mbio, akatufikisha bwawani, ambako ndege wa manjano walikuwa wamening'iniza viota. Hapo ndipo alipotulia. Aliwaeleza mteremko, udongo, na kazi ya mizizi, mikono yote ikisaidia.

"Mimi niliona mapema," aliwaambia. "Hii ardhi nakwenda nyuma."

Ajambo, aliyekuwa akipita na sufuria, alinikonyeza. Niliandika tu daftarini kwamba mabingobingo yamekua sana, yapunguzwe.