Mstari wa Kumi na Saba

Fundi simu mmoja, ambaye watu walimzoea kwa jina la Vipimo hata wateja wakasahau kama analo jingine, alilia mara moja tu tangu aote ndevu, na alilia kwa ajili ya kitufe. Wapo wanaosimulia kwamba alilizwa na bei ya simu. Hao hawakuwepo, na wangekuwa na haya wangenyamaza.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ghorofa, ubavuni mwa duka la muuza simu. Kila kampuni ilipotoa simu yake kubwa ya mwaka, ile ya kutambia, muuza simu alimpelekea moja kabla hajaipanga kwenye kabati la vioo. "Nipimie," alikuwa akisema, na Vipimo alipima kweli. Aliiacha icheze video mpaka chaji ikate, huku akitazama saa. Aliitwisha kazi nzito mpaka ipate moto, akaupima moto wenyewe kwa kipimajoto. Aliiweka nyuma ya ukuta wa choo, pale ambapo mtandao hufa, aone kama itashika. Yote yaliingia kwenye daftari, mistari kumi na saba kwa kila simu. Kumi na sita ya mwanzo ilikuwa namba tupu. Wa kumi na saba uliandikwa "Umbo", na hapo, kwa miaka kumi na moja, Vipimo alikuwa akijaza neno lilelile: sawa.

Kulikuwa na sababu. Mtu aliyeona vioo vilivyopasuka kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na moja lazima apate kaugonjwa kake, na ka Vipimo kalikuwa makava. Simu mpya haikugusa meza yake kabla ya kuvishwa kava nene la mpira, jeusi, lililofunika mpaka vitufe. Aliyaagiza mapema, simu yenyewe ikiwa bado ni tetesi. Rimoti ya televisheni nyumbani kwake ilikuwa na kava. Kikokotoo kilikuwa na kava. Mkewe alikuwa akisema kwamba yeye kaponea kwa kuwa hawatengenezi saizi yake.

Sasa, mama yake Vipimo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa mwanamke wa kusimama getini asubuhi na saa mkononi, akihesabu wanaochelewa kwa dakika na nusu dakika. Miezi mitatu kabla ya kisa hiki alipigwa na kiharusi. Alipona, kwa rehema za Mungu na ubishi wake mwenyewe, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala, na wa kushoto ulikuwa na baridi yabisi ya zamani kwenye kidole gumba. Pale hospitali, akiwa bado na mirija puani, alimvuta Vipimo shati akamwuliza kwa shida, "Nitarudi kwangu?" Vipimo, bila kumwuliza mtu, akajibu, "Utarudi kwako, Mama, na utakaa kwako." Ahadi ya namna hiyo ni rahisi kutoa ukiwa umeshikwa shati.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakuwa mtu wa ahadi. Aliwakalisha Vipimo na dada yake mkubwa sebuleni kwa Mama akawapa sharti. Mama ataishi peke yake iwapo tu anaweza kuita msaada mwenyewe, akiwa amekaa sakafuni kama mtu aliyeanguka, kwa mkono wa kushoto, ndani ya dakika moja. Kuiamrisha simu kwa sauti alikukataa, kwa sababu kiharusi kikirudi, ulimi ndio wa kwanza kugoma. Iwe ni kubonyeza. Wakishindwa hadi Jumamosi, Mama anahamia kwa dada, nyumba inafungwa.

Mama alisikiliza yote hayo akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaanza kuwagawia majirani vyungu vyake vya maua. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomkosesha Vipimo usingizi, kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake akikubali jambo bila kulisahihisha.

Bahati ni kwamba wiki hiyo muuza simu alikuwa amepokea simu mbili za kutambia kwa mpigo, nyeusi na ya kijani, na zote zilikuwa na kitufe cha pembeni ambacho ukikibonyeza mara tatu mfululizo simu huwapigia watu wako wote mpaka mmoja apokee. "Chukua zote mbili umpimie mama yetu," muuza simu alisema. "Itakayofaa ndiyo mtakayonunua."

Vipimo akazivisha makava, akatia namba yake tu kwa majaribio, akazipima siku mbili. Nyeusi iliigaragaza ya kijani. Chaji ilikaa siku nzima na ushee, chipu ilikuwa ya haraka zaidi, antena ilishika mtandao mpaka nyuma ya ukuta wa choo. Kwa mistari kumi na sita nyeusi ilishinda kumi na mitatu. Dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa kushona mapazia, alizitazama kwenye picha tu, kwa kuwa alikuwa na oda ya hoteli, akasema yeye anaitaka ya kijani.

"Kwa nini?" Vipimo aliuliza kwenye simu.

"Imekaa vizuri."

"Dada, imekaa vizuri ndiyo namba gani? Mama akianguka ataokolewa na rangi?"

"Na wewe kila kitu namba. Hata mke ulimchagua kwa rula."

Alhamisi Vipimo akamjaribisha Mama. Akamkalisha sakafuni kando ya kitanda, kwa mto, akampa nyeusi. Mama akaishika, akaweka kidole gumba juu ya kitufe, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, mpaka kucha ikawa nyeupe. Simu ilibaki imezimika kama kipande cha mpira, na kusema kweli kwa nje ilikuwa ni kipande cha mpira. Akampa ya kijani. Hali ilikuwa ileile. Vipimo akachukua simu akabonyeza mwenyewe mara tatu, na papo hapo simu yake mfukoni ikalia. Simu zilikuwa nzima. Vidole vyake vilikuwa vimefungua skrubu kwa miaka kumi na moja, havikuona tatizo lolote.

"Basi ni mkono wangu," Mama alisema. "Nisaidie niinuke, mwanangu."

Vipimo alimwinua. Njiani kurudi kazini alipita mbele ya chumba chake cha kazi akakisahau, akajikuta kituo cha mafuta.

Jumamosi dada alifika saa nne asubuhi na gari la kuazima. Masanduku mawili ya Mama yalikuwa mlangoni tangu jana. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa viatu vya safari. Ukutani, mahali pa picha, palibaki miraba safi kuliko rangi ya ukuta. Vipimo alikuwa mezani na zile simu mbili na daftari lake, akipitia namba kwa mara ya mia, labda kuna moja imemponyoka.

"Hebu lete nione hicho kitabu chako cha dini," dada alisema, akalivuta. Alisoma akishusha kidole mstari kwa mstari, chaji, moto, kamera, mtandao, mpaka wa kumi na saba. Akakunja uso. "Umbo, sawa. Na hii nyingine, umbo, sawa. Sawa vipi?"

"Zinafanana."

"Zinafanana wapi? Kwenye picha moja ina kona kama tofali na nyingine imelainishwa."

"Ukiishika mkononi hutaona tofauti."

Dada akazichukua, moja kila mkono. Akazigeuza. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka na ambaye hakukitegemea. "Mdogo wangu. Wewe hujawahi kushika simu. Umeshika makava." Akageuka kwa mama yao. "Mama, mwanao amepima simu miaka kumi na moja zikiwa zimevaa makoti!"

"Kava linailinda," Vipimo alisema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kumwishia, kwa sababu macho yake yalikuwa yametua kwenye ule mpira mnene uliofunika kitufe.

"Mimi kitambaa sikinunui mpaka nikishike kikiwa kitupu, bila nailoni," dada alisema, na huku akisema akaingiza kucha kwenye ukingo wa kava la nyeusi akalimenya. Akamenya na la kijani. Vipimo alijikuta ameinuka nusu, mikono mbele, kama mtu anayeona mtoto amepanda dirishani.

Zilikuwa simu mbili tofauti kabisa. Kitufe cha nyeusi kilikuwa kimezama, kimelala sawasawa na ubavu wa simu ili ipendeze. Cha kijani kilikuwa kimechomoza kidogo, kina mikwaruzo midogomidogo iliyochongwa makusudi ili kushika kidole. Vipimo alipitisha kidole chake juu ya ile mikwaruzo. Kuna mtu mahali fulani alikaa ofisini akaifikiria, na yeye akaifunika kwa mpira.

"Nikalisheni chini," Mama alisema.

"Mama, umeshavaa viatu..." dada alianza.

"Chini."

Wakamkalisha sakafuni kando ya kitanda. Dada akawasha kamera ya simu yake arekodi. Mama alianza na nyeusi, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Kitufe kilibonyea mara moja, lakini kidole kilipotafuta mara ya pili kiliteleza, na simu nzito ikamponyoka ikaangukia mto. Akachukua ya kijani. Ilikaa kwenye kiganja chake bila kugombana nacho. Kidole gumba kikapapasa, kikaikuta mikwaruzo, kikatulia.

Moja. Mbili. Tatu.

Simu mfukoni mwa Vipimo ikalia.

Iliendelea kulia naye asiipokee, kwa sababu alikuwa ameshakaa sakafuni karibu na mama yake, analia kwa sauti, fundi mzima mwenye watoto wawili. Furaha ilimjia yote kwa wakati mmoja na hakuwa na pa kuiweka. Dada naye akafuta macho kwa ncha ya kanga, akijifanya ni vumbi la masanduku.

"Pokea," Mama alimwambia mwanawe. "Usipopokea wataniambia haikufika."

Vipimo akapokea. "Haloo?"

"Haloo," Mama alisema, akiwa umbali wa nusu mita. "Nimeanguka. Si kweli, lakini nimeanguka."

Dada akamtumia mtaalamu ile video. Walikaa wote watatu palepale sakafuni wakisubiri. Jibu lilikuja la neno moja: Anabaki. Vipimo alilisoma kwa sauti, akalisoma tena, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Niwaambie kitu?" dada alisema, akiwa amejiegemeza kitandani, viatu ametupa huko. "Msinielewe vibaya, Mama. Chumba nilikiandaa, mapazia nimeshona mapya. Lakini tangu nimwambie mume wangu unahamia, amekuwa akiamka saa kumi na moja kutandika kitanda. Watoto wameficha madaftari yao ya hesabu. Mimi mwenyewe juzi nimeota naitwa ofisini kwako."

"Ungekuja na mapazia yenyewe niyaone mishono," Mama alisema.

"Unaona?"

Wakacheka mpaka Mama akaomba ainuliwe kabla hajabanwa na mbavu. Masanduku yakarudishwa chumbani. Picha zikarudi kwenye miraba yake. Dada akampikia chai, akabusu paji la uso la mama yake, akaondoka na gari la kuazima likiwa tupu. Alivyopiga honi pale kona ungedhani anatoka harusini.

Vipimo alibaki kidogo. Alirekebisha namba za dharura, akashona kamfuko kwenye aproni ya Mama kwa mkono wake, vibaya, akaiweka simu ya kijani humo ikiwa tupu kama ilivyozaliwa. Iliuma. Alilitazama lile kava la mpira juu ya meza, mkono ukamtekenya, lakini alijikaza kiume akaliacha. Akaaga, akaichukua ile nyeusi airudishe kwa muuza simu, akatoka akitembea kama mtu mwepesi.

Alikuwa ameshavuka barabara ya pili, karibu na kinyozi, simu yake ilipolia. Kwenye kioo palikuwa na jina la Mama, na chini yake neno DHARURA kwa herufi nyekundu.

Hakupokea. Alikimbia. Alipita kinyozi, akapita mwenye mkokoteni wa maji akamkanyaga, akavuka barabara bila kutazama magari, daftari likimpigapiga ubavuni. Sijui aliahidi nini kwa Mungu njiani, ila najua kilikuwa kingi. Aliusukuma mlango kwa bega.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake palepale. Viatu vya safari alikuwa ameshavua. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Dakika tatu kasorobo," alisema.

Vipimo alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira mahali pote akaikosa. Mama yake alikuwa mzima, yuko kwake, anahesabu waliochelewa.

"Mama, umeniua."

"Simu umeipima siku mbili. Atakayekuja ikilia hakupimwa na mtu." Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kuelekea daftari. "Andika. Mwana, dakika tatu kasorobo. Mstari wa umbo, andika ana kitambi."

Vipimo aliandika, akihema na kucheka.

"Na lichukue hilo lipira lako pale mezani, linanuka," Mama aliendelea. "Halafu ukitoka, pita kwa majirani. Waambie nataka vyungu vyangu vyote, leo hii."