Uji Niliompikia Philipo

Mtu akikuambia kwamba mimi, Lea wa Ilongero, napenda sifa, usibishe. Ni kweli, na sifa hizo ndizo zilizommaliza mtoto wa dada yangu.

Dada yangu Evodia aliolewa na Mfaransa aliyekuja kuchimba visima huku kwetu. Akaenda naye Ufaransa, akamzaa Philipo. Huyo Philipo akawa mchezaji wa tenisi, si wa kujifurahisha, wa kulipwa. Nilikuwa namtazama kwenye simu akipiga mpira huku watu wamekaa kimya kama wapo kanisani. Mwaka mmoja alifika nafasi ya tisini na nne duniani. Hapa kijijini nani amewahi kuwa wa tisini na nne duniani kwa jambo lolote? Niliitangaza namba hiyo kisimani na sokoni, mpaka wenzangu wa kwaya wakanichoka. Kisha goti likaharibika, akapasuliwa mara mbili, akashuka hadi mia nne na kitu. Hiyo namba sikuitangaza.

Evodia alipofariki, mwili uliletwa tukamzika nyumbani. Philipo alikuja na jeneza, akakaa nasi wiki mbili. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuwa amekonda. Leo najua kwamba wachezaji hupimiwa hata wanachokula, lakini wakati ule niliona mifupa ya shingo tu. Huku kwetu mgeni akiondoka amekonda, aibu ni ya mwenye nyumba, na huyu hakuwa hata mgeni, alikuwa mtoto wa marehemu. Tukiwa tunaosha vyombo vya msiba, jirani yangu Selina akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye yule wako wa tisini na nne? Kwani huko Ulaya hawapiki?" Wanawake wakacheka. Nilicheka nao, moyoni nawaka.

Philipo mwenyewe alishanionya siku ya kwanza, kwa Kiswahili alichofundishwa na mama yake. "Mama mdogo, chakula chochote nitakula. Ila dawa usinipe, hata ya mafua, mpaka nisome jina lake kwanza. Sisi wanatupima mkojo. Wakikuta kitu, nimekwisha."

"Sawa, baba," nilimjibu.

Jumatatu nikapanda bodaboda hadi Singida mjini, nikanunua vidonge vya kunenepesha, vile wasichana wanavyomeza harusi ikikaribia. Muuzaji alinihakikishia kwamba siku kumi tu, mashavu yatajaa. Nilivisaga, nikavikoroga kwenye uji wa uwele wa asubuhi, nikazidisha maziwa na sukari ili kuficha uchungu. Nilijiambia kwamba ile si dawa, maana Philipo haumwi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno. Alikunywa kikombe chote, akaomba cha pili, akasema uji wa mama yake ulikuwa hivi hivi.

Akanenepa usoni, na Selina akanyamaza. Asubuhi ya kuondoka nilimwekea vidonge viwili kwa mpigo, ashike njia ameshiba.

Kutoka hapa alipitia Arusha hadi Nairobi, kwenye mashindano madogo ya kutafutia pointi. Alishinda mechi tatu mfululizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu goti liharibike. Akanipigia simu akicheka. "Goti haliumi kabisa, mama mdogo! Naanza upya." Nikampigia vigelegele kwenye simu. Jioni ileile walimpa chupa akojoe.

Mwezi uliofuata akapiga tena, hacheki. "Wamekuta kitu kwenye mkojo wangu. Hebu kumbuka vizuri, nilikula nini hapo nyumbani?" Akanitajia jina la hicho kitu herufi moja moja. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati, pakiti ya vidonge mkononi, nalifuata jina kwa kidole. Herufi zote zilikuwepo.

"Ulikula ugali, kuku na mlenda," nikamwambia. "Na uji mtupu."

Aliniuliza mara tatu, siku tatu tofauti, na mara tatu nikamjibu hivyo hivyo. Nilimwogopa yeye, nikamwogopa Selina, nikaogopa mama yangu mzee asije akasikia. Nilidhani litapita. Akafungiwa kucheza miaka miwili, na kwa umri wake na goti lile, miaka miwili ni kaburi. Wakili wake alisema akipatikana mtu wa kukiri kwamba alimwekea bila yeye kujua, adhabu ingepungua ikawa ya miezi, ila rufaa ikatwe ndani ya siku ishirini na moja. Hilo nalo Philipo aliniambia. Nilikaa na pakiti yangu kabatini mpaka siku hizo zikaisha.

Siku moja mwezi uliofuata akapiga. "Nimemjua aliyenifanyia hivi. Ni Gaston."

Gaston ni kocha wake, mzee aliyemfundisha tangu ana miaka saba, na baba yake alipokufa ndiye aliyesaidiana na Evodia kumlea. Yeye ndiye aliyekuwa anamchanganyia vinywaji vya mazoezi. Philipo alikuwa ameshasema hivyo kwenye magazeti ya kwao, na wazazi wakawatoa watoto wao kwenye uwanja wa mzee. Kiwanja kimebaki kitupu, aliniambia, na kwa sauti yake nilisikia kwamba anafurahi.

Hapo nikashindwa. "Gaston hajakufanyia kitu, baba. Ni mimi." Nikamweleza vidonge, uji, na maneno ya Selina.

Akaniuliza, "Siku ile nilipokuuliza mara ya kwanza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Uji ningekusamehe, mama mdogo. Uji ningekusamehe siku ileile." Kisha akasema, "Usikate," akamwunganisha mzee kwenye simu. "Sema kama ulivyoniambia mimi. Nitamtafsiria."

Nikasema. Kila nilipomaliza sentensi moja nilinyamaza, Philipo akaigeuza Kifaransa, nikaendelea. Nilipofika mwisho, kwenye zile mara tatu alizoniuliza nikamdanganya, mzee akasema maneno machache, taratibu.

"Amesemaje?" nikauliza.

Philipo akanitafsiria. "Anauliza kwa nini wewe nilikuuliza mara tatu, na yeye sikumuuliza hata mara moja."

Mzee akakata simu. Philipo hakukata. Nilimsikia akilia huko Ufaransa.