Kamera Isiyotangulia Watu

Asubuhi Modesta Nestory alimpa baba yake ushindi, na baba yake akaukataa mbele ya watu wote.

Hakukusudia kuutoa. Filamu ilihitaji picha moja isiyokatwa ya mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma: ianze kwa Bagalu, ivuke uwanja, iishie kwa Bagika. Makundi hayo mawili hushindana Usukumani baada ya mavuno, na mshindi hatafutwi na waamuzi. Kila kundi hucheza upande wake wa uwanja, yote kwa wakati mmoja. Watazamaji huenda kule wanakovutiwa, na mwenye umati mkubwa ngoma inapokwisha ndiye aliyeshinda. Makundi yalikubali kucheza kwa ajili ya filamu hapa Kamanga, kwenye uwanja wa rasi yenye ziwa pande tatu, juu kidogo ya gati la kivuko, kwa sharti moja tu, kwamba mashindano yawe ya kweli.

Manju wa Bagalu, yaani kiongozi wa ngoma yao, alikuwa Revocatus. Manju wa Bagika alikuwa Nestory, baba yake Modesta.

Kamera ya Modesta haikushikwa mkononi wala haikusimama juu ya miguu mitatu. Ilikaa juu ya nguzo fupi ambayo chini yake palifungwa betri na skrini ndogo. Nguzo ilibebwa na mkono wa chuma wenye springi, na mkono huo ulishikizwa kwenye kizibao kigumu kilichombana kifua na kiuno. Mwili ulibeba uzito wote, springi zikameza kishindo cha hatua, na picha ikateleza kana kwamba hakuna mtu nyuma yake. Ndivyo inavyokuwa vyote vikipangwa sawasawa. Visipopangwa sawasawa, mtazamaji hupata kichefuchefu.

Asubuhi vilikuwa vimepangwa sawasawa. Kosa halikuwa la chuma. Mbele ya Modesta walitangulia wanaume wawili wa filamu wakifungua njia kwa sauti: "Pisha! Pisha kamera!" Alipoondoka kwa Bagalu, watu waliokuwa wakiwatazama Bagalu waligeuka kuitazama kamera. Alipovuka uwanja, walivuka naye. Alipofika kwa Bagika, Bagika walikuwa na umati ambao hawajawahi kuupata tangu Nestory awe manju.

Revocatus alisimamisha ngoma zake. Hakupaza sauti.

"Hii siyo mbina," alisema. "Mashine imepita, watu wameifuata kama ng'ombe wanavyofuata chumvi."

Mwanamke mmoja aliyebeba beseni la dagaa akaongeza kutoka kwenye umati, kwa furaha kubwa: "Mamanju wenzake wanahangaika kutafuta dawa ya kuvuta watu. Mzee Nestory kaizaa mwenyewe, kaisomesha!"

Watu walicheka. Nestory hakucheka. Alichomeka ardhini jembe lake la kuchezea ngoma, akawageukia Bagalu.

"Revocatus amesema kweli. Umati huu si wangu. Ni wa mwanangu, na mwanangu hachezi. Tutarudia jioni, mara moja. Ikiharibika tena, kila mtu na ngoma zake nyumbani."

Baada ya hapo makundi yalikuwa na safari ya Geita. Hapakuwa na siku nyingine.

Hellen, mwongozaji wa filamu, alimchukua Modesta pembeni, penye kivuli cha lori la vifaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa na desturi ya kutafuta wa kulaumiwa.

"Tunawazuiaje watu wasikufuate?"

"Hatuwazuii. Ninawafuata mimi."

"Eleza."

"Niingie katikati yao mapema, kabla ngoma haijaanza, nisimame hapo mpaka wanizoee. Wale wawili wa kufungua njia wakae kwenye lori. Watu wakiondoka, ninaondoka nao. Muda wote niwe na mgongo wa mtu mbele yangu. Nisimtangulie hata mmoja."

"Na wasipoondoka?"

"Basi tutapata picha ya Bagalu wakicheza mpaka betri iishe."

Hellen alitazama ziwa. Kivuko kilikuwa kinakuja kutoka ng'ambo, bado kidogo kama kiatu. "Filamu inahitaji kuvuka uwanja," alisema. "Lakini ya asubuhi ilivuka, na haikufaa kitu. Fanya hivyo. Nitazungumza nawe kwenye simu ya sikioni."

"Nitaivua."

Hellen alimwangalia. "Ivue," akasema.

Revocatus alipoambiwa mpango, alikubali haraka kuliko walivyotarajia. "Safari hii ianzie kwa baba yake," alisema. "Tuone kama inaijua njia ya kuja kwangu."

Msaidizi wa kamera alikuwa Odongo, mtu wa Rorya, ambaye kazi yake ilikuwa kuizuia picha isiingie ukungu, akizungusha gurudumu dogo lisilo na waya akiwa mbali. Jioni hiyo angekaa kwenye ngazi za kibanda cha tiketi.

"Sisi Wajaluo tunavua samaki kwa nyavu," alimwambia Modesta wakifungua masanduku. "Ninyi Wasukuma mnavua watu kwa kamera. Mmetuzidi maarifa."

"Shika nguzo, Odongo."

"Nimeshika. Nasema tu, msije mkavua Wajaluo."

Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza kupanda kutoka ziwani. Modesta aliondoa kikinga jua kilichozunguka lenzi, kwa sababu kila kilicho bapa huwa tanga upepo ukikipata. Lakini kuondoa kikinga kulipunguza uzito wa mbele, na kamera ikainamia nyuma. Aliisogeza mbele kwenye reli yake kidogo kidogo, chini ya unene wa ukucha kila mara, mpaka ikatulia. Kisha akaizungusha kwenye nguzo yake. Ilizunguka bila kuyumba, kama pia iliyochongwa vizuri. Alipofika hapo baba yake alikuja, jembe begani, manyoya ya mbuni tayari kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea na kazi."

Modesta aliilaza nguzo usawa wa ardhi, akaiachia. Kamera ilinyanyuka taratibu upande mmoja, betri ikashuka upande wa pili, na nguzo ikasimama wima bila kupitiliza.

"Uzito wa chini ukizidi," alieleza, "inasimama haraka, lakini nikianza kutembea inapembea kama kengele. Ukipungua, haijui pa kusimama."

"Uko wapi sasa?"

"Umepungua kidogo kuliko kawaida. Nitasimama sana, halafu nitaondoka ghafla. Sitaki ipembee."

Nestory aliitikia kwa kichwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mwaka kabla ya mavuno hukwangua mpini wa jembe lake la ngoma kwa kipande cha chupa, mpaka jembe lilale juu ya kidole kimoja bila kuinama upande wowote. Jembe lisilolala kidoleni, likirushwa, hurudi vibaya, na Modesta alikulia katika nyumba ambamo jambo hilo lilijadiliwa wakati wa kula.

"Sikuombi usinipendelee," baba yake alisema. "Hilo najua hutafanya. Nakuomba jambo jingine. Usije ukaniacha kabla ya wakati ili watu waseme hunipendelei. Hiyo nayo ni kuwavuta."

Modesta alikuwa hajaliona hilo. Alilitafakari, akaliona ni sahihi.

"Sitawatangulia," alisema.

"Vizuri." Aliitazama skrini, ambako ziwa lilikata picha kama kamba iliyovutwa. "Na huo mstari wa maji?"

"Ndio utakaonisema. Nikiegemea kidogo tu, kila mtu ataona ziwa limelala."

Modesta aliingia kwenye umati wa upande wa Bagika jua likiwa bado juu. Watoto walimzunguka, wakajitazama kwenye lenzi, wakachoka, wakaondoka. Watu wazima waliuliza bei ya kamera, wakabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu jibu, wakasahau kuwa yupo. Ngoma zilipolia pande zote mbili za uwanja, alikuwa mtu mmoja kati ya watu, mwenye mzigo mzito kidogo kuliko wengine.

Asiyeijua kazi hii hudhani ugumu wake ni kutembea. Ugumu ni kusimama. Mtu anayetembea huweza kuficha kosa ndani ya hatua, lakini aliyesimama hana pa kulificha. Akipumua kwa nguvu, picha inapumua naye. Modesta aliuweka uzito juu ya nyonga, akarudisha mabega nyuma kiasi cha kuusawazisha, akashika nguzo kwa ncha za vidole viwili. Mbele yake Bagika walilima ardhi isiyo na mbegu, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Nestory alirusha jembe, likazunguka juu ya manyoya yake, akalidaka bila kulitazama. Umati ulipiga vigelegele.

Muda ulipita. Mgongo ulianza kuwaka chini ya kizibao, jasho likamwingia jicho la kulia, na hakulifuta. Umati haukuondoka. Alielewa kwamba huenda usiondoke kabisa, kwamba huenda baba yake akashinda kweli na filamu ikakosa mwisho wake, na kwamba hayo yote mawili hayakuwa kazi yake kuyaamua.

Halafu upande wa pili ukalipuka kwa kelele.

Bagalu walikuwa wameficha kitu nyuma ya ngoma zao. Sasa kilitoka: kiboko wa turubai, mkubwa kama gari dogo, wanaume wanne tumboni mwake, kinywa kikifunguliwa na kufungwa kwa kamba. Kiboko alipiga chafya. Maji yalimtoka puani, yakawalowesha watu wa mstari wa mbele.

Watu waliokuwa kwa Bagika waligeuza vichwa. Vichwa tu. Miguu bado.

Hapo ndipo Modesta alipojua maana ya maneno ya baba yake. Mwili wake wote ulitaka kuondoka. Picha ilikuwa kule, mwongozaji alikuwa anaitaka, na hakuna ambaye angesema amempendelea baba. Angepiga hatua moja, waliomzunguka wangeiona, wangepiga ya pili. Alibaki. Nestory alirusha jembe tena, juu zaidi. Vichwa vingine vilirudi.

Wa kwanza kuondoka alikuwa yule mwanamke wa dagaa. Alimpita Modesta akisema, "Yule kiboko lazima nimwone," beseni kichwani. Wakafuata vijana wa bodaboda, kisha familia nzima, kisha wengi. Migongo ilijaa kwenye skrini. Modesta aliigeuza kamera, akaingia nyuma yao.

Nguzo haikupembea. Uwanja ulikuwa na mashimo ya kwato, na miguu yake iliyaona kabla ya macho. Katikati, pasipo na watu wa kuukinga, upepo ulimpiga ubavuni. Alihisi kamera ikitaka kugeuka, akaongeza kidole cha tatu, si zaidi. Beseni la dagaa lilielea mbele yake, na nyuma ya beseni mstari wa maji ulikaa pale pale. Alifika kwa Bagalu akiwa mtu wa katikati ya kundi. Kiboko alifungua kinywa. Umati ulicheka kwa sauti moja, na Revocatus, juu ya ngoma yake kubwa, alimtazama yule msichana mwenye kamera bila kuacha kupiga.

Picha iliyopangwa iliishia hapo. Modesta hakuimalizia hapo. Aligeuka polepole, akavipita vicheko, mabega na kinywa cha kiboko, mpaka lenzi ikatazama ilikotoka.

Ng'ambo ya uwanja Bagika walikuwa bado wanacheza, mbele ya wazee watatu na mbuzi. Hakuna aliyepunguza. Nestory alirusha jembe juu kuliko alivyolirusha mbele ya umati. Lilipanda mpaka likaupita mstari wa maji, likazunguka, likashuka. Alilipokea juu ya kidole kimoja. Likalala. Kwenye ngazi za kibanda Odongo alizungusha gurudumu lake, na picha ikawa safi mpaka kwenye unyoya wa mwisho.

Modesta alisimama hapo mpaka ngoma zikanyamaza.

Bagalu walikuwa wameshinda, na hakuna aliyebisha. Odongo alimvua Modesta kizibao; fulana iliyokuwa chini yake ingeweza kukamuliwa. Hellen alitazama picha yote, akairudia tangu mwanzo, kisha akaliambia kundi zima la filamu, "Funga vifaa. Tumeipata." Kwa Modesta alisema, "Ule mgeuko wa mwisho sikuuagiza."

"Hapana."

"Ndio mwisho wa filamu."

Nestory alikuja na Revocatus, wote wawili wamelowa jasho. Revocatus alikuwa katika hali nzuri sana.

"Nestory, dawa yako imekukimbia. Nimeiona kwa macho yangu ikija kwangu na miguu yake miwili."

"Haikukimbia. Ilikuja ya mwisho."

"Ya katikati," Modesta alisahihisha.

"Ya katikati," baba yake alikubali. "Muulize mama wa dagaa nani alimtangulia mwenzake."

Walionyeshwa picha kwenye skrini ya Hellen. Revocatus alicheka alipomwona kiboko wake, akataka arudishwe, akarudishwa. Nestory alisubiri. Ilipofika kwenye jembe lake angani, aliinama karibu.

"Sikulidondosha," alisema.

"Hukulidondosha," Modesta alisema.

"Rudisha mwanzo."

Hellen alirudisha. Safari hii Nestory hakujitazama. Aliweka ukucha wake wenye udongo juu ya kioo, penye mstari wa maji, akauacha hapo picha yote ilipokuwa ikipita: kusimama kule kurefu, migongo, mashimo ya kwato, upepo, kiboko, mgeuko. Mstari haukuondoka chini ya ukucha.

"Revocatus," aliita, "acha kiboko. Njoo utazame ziwa. Mwanangu kavuka uwanja mzima na mashine ile kiunoni, ziwa halikumwagika."

Revocatus aliinama, akatazama, akatazama tena.

"Umemfundisha wewe?" aliuliza.

"Mimi nimemfundisha jembe," Nestory alisema. "Haya amejifundisha."

Chini gatini kivuko kilipiga honi. Bagika walianza kushuka na ngoma zao, na Nestory, badala ya jembe lake, alibeba begani mkono wa chuma wenye springi. Alikataa kumpa Odongo.