Kukama na Kukamua

Mume wangu wanamwita Kamusi, na jina hilo limemvimbisha kichwa. Ni fundi wa mashine hospitalini. Mama yangu mzazi anafanya kazi hapo hapo, chumba cha kufulia, kwenye mashine ya kukamua mashuka: rola mbili nzito zinazoyabana mpaka maji yatoke. Ubavuni mwa mashine hiyo kuna kibao cha chuma chenye maelekezo kwa Kiingereza cha zamani. Kwa miaka kumi na tisa Mama hakuwahi kukihitaji.

Mwezi uliopita Kamusi alikisoma kwa sauti mbele ya wafuaji wote. Kuhusu skrubu ya juu, kabla ya kupitisha blanketi, kiliandikwa "unloose". Akawafafanulia, bila kuulizwa na mtu, kwamba "loose" ni kulegea na "un" ni kukanusha, kama vile "unsafe" ilivyo si salama. Kwa hiyo skrubu ikazwe. Blanketi la kwanza lilipofika, Mama akakaza. Rola ya juu ikapasuka vipande viwili.

Katibu wa hospitali akaandika barua ya kumwachisha Mama kazi kwa uzembe. Ilibaki saini tu. Nilimwambia mume wangu aende akaseme kweli. Akanijibu kwamba kweli ndiyo hiyo aliyokwisha kuisema, na kwamba kibao ndicho kilichokosewa. Siku hiyo alilala na njaa, maana sikupika.

Jumatatu tuliitwa ofisini: Mama, yeye, na mimi ninayekunja mashuka, kama shahidi. Katibu akafungua kamusi nene na kusoma: neno la zamani, maana yake kulegeza, sawa na "loose" lenyewe. Mume wangu akashika kani. Neno haliwezi kubandikwa ukanushi, alisema, kisha likabaki na maana ile ile. Waliotunga kitabu hicho walikuwa wavivu. Nilitamani nimkanyage mguu. Mama akamwambia mkwewe polepole, akiwa ameinamisha kichwa:

"Baba, sisi tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua. Lakini ng'ombe nikimkama au nikimkamua, si maziwa ni yale yale?"

Nilimwona mume wangu akiyarudia maneno hayo kimoyomoyo, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo.

Katibu akamgeukia Mama. Alitaka kujua, ikiwa ana akili ya namna hiyo, kwa nini alikaza.

"Mikono yangu ilijua inatakiwa kulegezwa," Mama akasema. "Ila mkwe wangu alishasema mbele za watu. Ningelegeza, wangemcheka."

Amejimaliza mwenyewe, niliwaza, maana sasa alikuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba alijua na bado akakaza. Katibu naye alilielewa hivyo hivyo. Akaivuta barua karibu na kuchukua kalamu.

Hapo mume wangu akasimama. Aliomba ile kalamu, akapewa kwa mshangao. Akalikata jina la Mama kwa mstari mmoja, akaandika lake juu.

"Uzembe ni wangu," akasema. "Hili neno maana yake naijua."

Katibu aliisoma barua upya toka mwanzo, kisha akatia saini.