Bundi Aliyeshushwa Kisimani

Pikipiki ilikuwa imeshashika barabara kuu na fundi bado hajakaza skrubu ya pili. Alikaa nyuma ya mumewe, kamera ameibana katikati ya magoti, bisibisi mkononi, na kila walipoingia shimoni ncha ilimteleza ikamchoma kidole gumba.

"Polepole, baba!"

"Polepole ipi?" mumewe akajibu bila kugeuka. "Mdogo wangu yuko chini ya udongo, wewe unaniambia polepole?"

Akarudi kwenye skrubu yake.

Habari iliwakuta dukani, pale fundi anapotengeneza simu za watu. Shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa mchimba visima, na mtaa mzima ulimwita Fuko. Asubuhi hiyo alikuwa chini akichimba, ukuta mmoja ukakatika ukamwangukia. Mwenzake, yule anayebaki juu kushika kamba, alipiga simu huku analia kama mtoto. Ameita, hajibiwi. Amemulika na tochi, anaona mbao zimelaliana na vumbi tupu. Ndipo fundi alipokwapua kile kitu chake mezani, hakijakamilika, pamoja na bunda la waya na tepu, wakaruka kwenye pikipiki.

Kitu chenyewe kilikuwa hivi. Jioni nyingi, akishafunga kazi, fundi alikaa anakiunda kwa ajili ya kigari chake cha roboti. Kamera ndogo ya kurudi nyuma, aliyoing'oa kwenye gari bovu, aliipachika juu ya mota mbili ndogo kama viberiti. Mota ya chini inageuza kichwa kushoto na kulia. Ya juu inakiinamisha na kukiinua. Ukizungusha swichi mbili, alizozitoa kwenye redio mbovu, kichwa kinakufuata, na picha inapita kwenye waya hadi kwenye kioo kidogo cha skrini kilichotoka gari hilohilo. Fuko hakupita dukani bila kukitania.

"Shemeji, huyu bundi wako ataanza kutaga lini?"

"Siku utakayoanza kuoga, shemeji."

"Maskini! Kumbe tasa."

Jina la Bundi alilitoa yeye, kwa jinsi kitu kile kilivyogeuza kichwa mwili ukiwa umetulia.

Walipofika, kiwanja kilikuwa kimejaa watu na tingatinga linanguruma. Mwenye kiwanja alikuwa ameliita lije kufukua. Yule mwenzake Fuko amesimama mbele ya chuma cha tingatinga, mikono ameitanua.

"Utapita juu yangu!"

"Kijana, sina ugomvi na wewe," dereva akamwambia kutoka juu. "Mtikisiko wa hii mashine utaangusha kuta zilizobaki. Kama mtu yu hai, nitakuwa nimemuua mimi. Kama ameshakufa, mkichimba kwa mikono mtafukiwa na nyinyi bure. Sasa niambieni, yu hai au hayupo? Mkiniambia tu, mimi nafanya."

Fundi akapenya katikati ya watu.

"Nipeni nafasi nitazame," fundi akasema.

"Utatazama na nini?" mwenye kiwanja akauliza.

Akakiinua. Watu wakakikodolea macho. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa chini kwenye udongo miguu ameinyoosha, akakitazama pia.

"Mwanangu yuko shimoni, nyinyi mnamshushia bundi?"

"Mama, hii ni kamera."

"Najua ni kamera. Nimeuliza kama mnamshushia bundi."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti, anafunga kamera na tochi ndogo kwenye ncha ya bomba la plastiki, kichwa chini miguu juu, waya zikifuata bomba kwa tepu. Mumewe na mwenzake Fuko wakaunga bomba kwa bomba na kuteremsha taratibu. Kwenye kioo ukaja udongo mwekundu, kisha vumbi, kisha ubao umevunjika. Picha imepinduka, basi fundi naye akakipindua kioo.

Akagusa swichi. Picha ikazimika.

Ikarudi. Akagusa tena, ikazimika tena. Kila Bundi alipotaka kugeuza kichwa, jicho lilikufa. Mezani hakikuwahi kumfanyia hivi! Ndipo akaelewa: mezani waya ni mfupi. Hapa waya umekwenda chini mbali, umeme unafika umechoka, na mota zikianza kuvuta zinaukomba wote, kamera inazimia kwa njaa. Betri moja alikuwa ameigawa kwa walaji watatu.

"Toeni! Toeni juu!"

"Tumeanza sasa hivi!" mumewe akang'aka.

"Nimesema toeni, mume wangu. Naona giza."

Alichomoa betri ya pikipiki akaipa kamera peke yake. Ile ndogo akaifunga kando ya mota, huko huko kwenye ncha, zisisumbuke na safari. Waya aliumenya kwa meno. Nyuma yake alisikia mwenye kiwanja akimwambia dereva kwamba watu wanacheza michezo ya kuigiza.

Bomba likashuka tena. Safari hii picha ilikaa. Fundi akageuza kichwa polepole, nyuzi kwa nyuzi, akapita mbao, akapita ndoo iliyobondeka, akaona sikio.

Kisha uso. Fuko alikuwa wima, amefukiwa mpaka kwapani, shavu limegandamizwa na ubao, midomo imejaa vumbi. Macho yamefungwa. Dereva alikuwa ameteremka, anachungulia juu ya bega la fundi. Akavua kofia.

"Mnaona nini?" mama akauliza kutoka pale alipokaa. "Nasema mnaona nini!"

Kidole cha fundi kilikuwa bado kwenye swichi, na kwa kutetemeka kwake Bundi akainamisha kichwa, akakiinua. Mwanga wa tochi ukapita usoni mwa Fuko.

Macho yakafunguka.

Yakaitazama kamera. Fundi akainamisha tena, kwa makusudi sasa: ndiyo. Fuko akafumba macho, akayafumbua. Akainamisha tena. Akafumba, akafumbua.

"Yu hai!" mwenzake akapiga yowe. "Yu hai, jamani, Fuko yu hai!"

Dereva alikimbia mwenyewe kuzima tingatinga.

Walianza kuchimba kutoka ubavuni, kwa sururu na karai, kwa zamu, mume wa fundi akikataa kutoka zamu yake ilipokwisha. Fundi alikaa na kioo. Fuko hakuweza kusema, kifua kimebanwa, pumzi anaivuta kwa vipande. Na kila fundi alipopumzisha mkono, kope zake zilianguka. Basi hakupumzika. Ndiyo, tunakuja. Ndiyo, tupo. Ndiyo, shemeji, ndiyo. Jua likapanda likamkalia kisogoni, na yeye bado anaitikia.

Alijua kitakachotokea. Mota yenye meno ya chuma alikuwa ameiweka chini, ibebe uzito. Ya juu, ya kuitikia, ilikuwa na meno ya plastiki. Kwa kigari cha roboti ingetosha kabisa. Nani angefikiria kwamba itaitikia mchana kutwa, mchanga ukiinyeshea?

Mara akazungusha swichi na kichwa hakikufuata. Kilitetemeka kidogo, kikagandia palepale, kimemwelekea Fuko usoni. Akajaribu tena na tena. Akageuza ile nyingine, ya kushoto na kulia. Hiyo ilikuwa nzima.

Mumewe alitoka shimoni, tope mpaka kwenye kope. "Vipi?"

"Imebaki hapana."

"Hapana nini?"

"Imebaki hapana tu. Ile ya ndiyo imekufa."

Wote wawili wakatazama kioo. Kope za Fuko zilikuwa zinashuka.

"Ivute juu uitengeneze."

"Sina mota nyingine. Na nikiivuta, nimemwondolea na mwanga." Akaweka kidole kwenye swichi iliyobaki.

"Usimwambie hapana." Mumewe alimshika mkono. "Nakuomba. Ananiangalia mimi pale. Usimwambie hapana."

"Analala, baba. Akilala harudi."

"Atakufa akijua tumemkatalia!"

Mama mkwe alikuwa amesimama, hawakumwona anakuja. Alikitazama kioo kwa mara ya kwanza, akamwona mwanawe.

"Mkatalie," akasema.

"Mama..."

"Mimi ndiye niliyemlea. Huyu tangu utotoni ukimkubalia analala. Ukimkatalia, nyumba nzima haikai. Mkatalie, mwanangu."

Fundi akageuza swichi. Kushoto, kulia. Hapana.

Macho yalifunguka, tena makubwa kuliko mwanzo. Midomo ikacheza. Machozi yakachora mstari kwenye vumbi. Fundi hakujua ni machozi gani. Kushoto, kulia. Mumewe alikuwa amesharuka shimoni, anachimba kama mtu anayefukuzwa. Kushoto, kulia. Alimkatalia shemeji yake mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mkono. Hakuacha mpaka pembeni mwa kioo ukuta ulipotoboka, mkono wenye tope ukaingia, ukapapasa, ukagusa shavu.

Fuko alitolewa hai. Mguu mmoja ulikatwa hospitalini, mbavu ziliunga. Alipoweza kusema, alieleza kwamba ile ndiyo aliielewa, akatulia kabisa. Ile hapana alidhani wamekaa, wameshauriana, wameamua kumwacha, na wamemtuma shemeji aje kumwambia. Alikaa akiwatukana mmoja mmoja moyoni, akianza na shemeji. Fundi alimweleza yote, na mama akathibitisha. Fuko alisema ameelewa. Tangu hapo humsalimu fundi vizuri, hukaa naye mezani, ila humwita fundi, si shemeji tena, na hamtanii. Anauza bomba na koki katika duka la mtu.

Mwenzake aliacha visima akaenda kubeba mizigo sokoni. Dereva bado anaendesha lile tingatinga. Ndilo lililofukia kisima wiki iliyofuata, na mwenye kiwanja ananunua maji yanayoletwa kwa magari. Kucha mbili za mume wa fundi hazikuota tena. Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata kwa moyo, usingizini. Bundi hakuna aliyekumbuka kumtoa, yuko huko chini. Fundi anatengeneza simu. Kigari cha roboti alimpa jirani, naye akakifungua kwa ajili ya magurudumu.