Mtoro na Majirani Zake

Mwanamume kufanya kazi na mke wake mchana kutwa ni mtihani. Kufanya kazi na mke wake na dada yake mahali pamoja ni adhabu, na mimi sijui niliikosea nini dunia.

Kitalu cha miche ni cha familia. Dada, mkubwa wangu, ndiye anayekiendesha tangu baba alipofariki. Wateja wanamwita Bi Mkasi kwa sababu mkasi wa kupogolea haumtoki mfukoni hata akienda mazishini. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha chaki akaja kwetu kushika udongo, lakini chaki yenyewe haikumwacha: kila mtu bado anamwita Mwalimu, na maua anayapa alama kama watoto wa darasa la pili. "Begonia, sita, anasinzia. Jerania, nane, ana bidii ila anajisikia." Mimi ni mtu wa mpira wa maji. Namwagilia, naendesha pikapu, nanyamaza.

Msimu huo manispaa ilitaka vyungu vikubwa vya maua mchanganyiko kwa ajili ya barabara kuu. Afisa bustani wao, mzee mwembamba asiyecheka, alikuja kutupa masharti. Kila chungu kiwe na mimea mitatu: mmoja wa kusimama katikati, mmoja wa kujaza nafasi, mmoja wa kumwagika ukingoni. Vyungu vikae uani kwenye jua kali. Tumwagilie, tutie mbolea, basi. Hakuna kupogoa, hakuna kuokota ua lililonyauka, hakuna kugusa.

"Barabarani hawana mama wa kuwachana nywele," alisema. "Nataka kuona wanavyoishi wenyewe kwa wenyewe. Chungu kitakachoguswa kinatoka. Na aliyekigusa, vyake navyo vinatoka."

Dada akapanda jerania nyekundu na wenzake wapole. Mke wangu akapanda vyungu vitatu, na katika kila kimoja akamweka Mtoro.

Mtoro ni petunia ya zambarau iliyojiotea kwenye mfereji wa zege nyuma ya choo cha wafanyakazi, mahali ambapo hata magugu yalikuwa yamekata tamaa. Mke wangu ndiye aliyeiona. Aliichimbua kwa kijiko cha chai, akailea dirishani kwetu, akawa anakata vichipukizi vyake na kuvipanda hadi akapata miche ya kutosha. Jina alimpa yeye, kwa sababu ametoroka darasani. Pale kitaluni kila ua lilikuwa la baba au la Dada. Hilo moja tu lilikuwa lake. Ndugu zangu walishasema, na niliwasikia kwa masikio yangu, kwamba mwalimu kaja kuchezea udongo. Mtoro akisimama barabara kuu, midomo hiyo ingefungwa. Asiposimama, mke wangu angebaki mgeni kwenye kitalu chetu mpaka azeeke. Kwa hiyo alimchagulia majirani kwa makini: salvia nyeupe katikati, begonia ya waridi pembeni.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi moja aliponiita kwa sauti ya chini, ile ambayo nimejifunza kuiogopa kuliko kelele. Aliinama karibu na chungu bila kugusa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Chini ya majani, upande wa ndani, shina la Mtoro lilikuwa limekatwa. Limekatwa mshazari, safi, na bado lilikuwa bichi.

"Panya," nikasema.

"Panya mwenye mkasi?"

Tuligeuka wote wawili tukatazama kibanda cha Dada.

Kuanzia siku hiyo uani hapakuwa na amani. Mwalimu alizungusha uzi mweusi kwenye vyungu vyake. Baada ya saa ya chakula akaukuta umekatika. Akamwaga majivu chini, mtu akayafagia. Nyumbani alikaa mbele ya sahani akitafuna hesabu badala ya chakula. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa anasema, na mimi, ambaye ndiye niliyekuwa karibu zaidi na nguo zake, nilijisikia vibaya. Siku moja akaniuliza mimi nilikuwa wapi mchana. Mimi! Nilikuwa naosha pikapu, na nilijikuta najitetea utadhani nina hatia.

Lakini macho yangu nayo hayakutulia. Nilianza kuona kwamba Dada alikuwa anakula harakaharaka, kisha anakwenda "kunyoosha miguu" uani, na kapu lake linarudi limefunikwa gunia. Dada yangu hajawahi kunyoosha miguu tangu nimjue. Naye akanivuta pembeni: "Mke wako ananifuatafuata, kuna nini?" Nikamwambia ni joto.

Usiku huo nilijaribu busara. "Mchawi mpe mtoto amlee," nikamwambia mke wangu. "Mkabidhi Dada avilinde vyungu. Ataona haya kuviharibu."

"Ushauri wa ndugu wa mchawi huo," akasema, akanigeuzia mgongo.

Kesho yake mchana tulijibanza nyuma ya magunia ya mbolea, watu wazima wawili, magoti yakituuma. Dada akaja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama, mkasi ukalia mara mbili tatu. Mke wangu akaruka na kulivua kapu gunia lake. Ndani kulikuwa na vichipukizi vya Mtoro, vingine vina maua.

"Wifi! Unaniibia au unanimaliza?"

Dada alifunga mkasi polepole. "Wifi, huyu Mtoro wako ana tabia."

"Tabia unayo wewe!"

"Nisikilize basi..."

"Nikusikilize nini, na ushahidi uko kapuni? Jerania zako zimekosa nini mpaka uje kwangu? Afisa sitamwambia, nisije nikaonekana nimekuja kuvunja ukoo wa watu. Ila nitakushinda, na utakuwepo unaona."

Dada akanitazama mimi. Mmoja damu yangu, mwingine mke wangu. Nikautazama mpira wa maji. "Haya," akasema. "Sigusi tena." Akaondoka, na njiani akageuka mara mbili kukiangalia kile chungu. Nilidhani anatafuta njia ya kurudi.

Jioni hiyohiyo tulizungushia vyungu vitatu wavu wa waya wa kufugia kuku, tukatia kufuli. Ufunguo mke wangu akauvaa shingoni kwa kamba. Na Mtoro, jamani, kama vile alikuwa anasubiri hilo! Aliumuka. Alimwagika mpaka chini, akapanda mpaka juu, akawa mpira mmoja mkubwa wa zambarau unaoonekana toka barabarani. Watu walisimama kwenye geti kumwangalia. Alama zikapanda: saba, nane, kumi.

"Umeona?" Mwalimu alisema. "Mkono wa mwizi umetoka."

"Salvia mbona siioni?"

"Amepumzika."

"Na begonia?"

"Yuko chini, ana haya."

Nilitaka kuamini. Siku moja Dada alipita akasimama nje ya waya kwa muda mrefu, kisha akaniambia nisizidishe maji hapo. Aha, nikajiambia, sasa anataka wafe kwa kiu. Nikaongeza maji. Baada ya hapo nilianza kusikia harufu ya kitu kilicholowa kikaoza, na mke wangu akasema ni mbolea.

Afisa alirudi mwisho wa msimu. Alipita kwenye vyungu vya Dada, akavikagua pande zote, akaviwekea alama ya chaki: vimepita. Kisha Mwalimu akafungua kufuli. Mzee akasimama mbele ya ule utajiri wa zambarau, na kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wake ukitaka kucheka. Akaingiza mikono yote miwili, akapasua katikati.

"Mlipanda mingapi humu?"

"Mitatu," mke wangu akasema.

"Namwona mmoja."

Akatoa kijiti cheusi kilichokuwa salvia. Begonia ilimjia vidoleni kama uji. Chungu cha pili vilevile, na cha tatu. "Huyu hakai na jirani," alisema, akipangusa mikono. "Huyu anakula jirani." Kisha akainamia mashina ya ndani, akakunja uso. "Hapa pamekatwa. Makovu ya zamani haya. Nani aligusa?"

Alama za chaki kwenye vyungu vya Dada zilikuwa bado mbichi. Dada alitazama viatu vyake, na mkasi ulikuwa mahali pake pa siku zote, umechomoza mfukoni. Neno moja tu la mke wangu lingetosha. Alikuwa ameliweka akiba msimu mzima.

Mwalimu alikuwa anayatazama yale makovu, kovu baada ya kovu. Nami nikayatazama, na hapo nikaona nilichopaswa kuona zamani. Yote yalikuwa upande wa ndani, ule uliokuwa unaielemea salvia. Kwa mbele, penye maua ya kumvutia mpita njia, hapakuwa na hata moja. Mharibifu angeanza na huko mbele.

"Panya," akasema mke wangu.

"Panya wanakata mshazari siku hizi?"

"Wa hapa kwetu wanakata."

Mzee alimtazama yeye, akautazama mkasi, akamtazama tena. Mke wangu alikuwa amesogea na kusimama kati yake na Dada. "Basi vyako vimeanguka," afisa akasema. "Najua," akajibu. Alisubiri gari la manispaa litoke getini, ndipo akamgeukia Dada.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?" Dada aliuliza. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia na mimi, "Nilikuona siku ile na kijiko cha chai, wifi. Nikasema huyu ni mtu wa miche. Sikutaka chungu cha kwanza kikukimbize." Akakanyaga udongo uliolowa chepechepe, akanigeukia mimi. "Na wewe, nani alikutuma uwafugie samaki humu?"

Nilikwenda kufunga bomba.

Mke wangu alivua ufunguo shingoni, akaunyoosha. "Chukua. Mlee wewe."

Dada hakuupokea. Alichomoa mkasi mfukoni, akauweka kwenye kiganja hichohicho juu ya ufunguo. "Mimi nikimkata tena utahesabu vichipukizi. Kata mwenyewe."

Mwalimu akainama juu ya Mtoro, akawa anakata huku analia. Dada akamshika kifundo cha mkono, akauelekeza mkasi chini zaidi, ndani zaidi, upande ule ambao salvia ilikuwa imesimama.